Khanga Zilizokwisha Kupita: Tathmini ya Duka Moja la Kariakoo

Anayetaka khanga mpya jijini Dar es Salaam hana haja ya kuelekezwa. Akishuka Mnazi Mmoja na kuufuata Mtaa wa Uhuru kuelekea Msimbazi, atazikuta zimetundikwa milangoni, zimepangwa kwenye rafu hadi darini na nyingine zimetandazwa juu ya meza za wamachinga, na kwa shilingi 10,000 hadi 15,000 atarudi nyumbani na doti nzuri ya kuvaa. Tabu ni ya yule anayeitaka khanga iliyouzwa mwaka juzi au miaka kumi na tano iliyopita, ile aliyoishika mkononi wakati huo akairudisha mezani, ama kwa sababu fedha haikutosha, ama kwa sababu aliamini kwamba kesho yake ataikuta palepale. Kwa mtu wa namna hiyo kuna duka moja katika uchochoro wa nyuma ya mtaa huo, nalo ndilo ninalolitathmini hapa. Mwenye duka ameomba jina lake lisitangazwe, kwa maelezo kwamba mzigo wake ni mdogo na hawezi kuhudumia msururu wa watu. Nimeliheshimu ombi hilo, na anayelihitaji duka hilo kweli ataelekezwa na wauza khanga wa jirani, ambao wote wanamfahamu.

Kwa macho ni duka la kawaida sana. Mbele pametundikwa khanga mpya kama za maduka mengine, pamoja na vitenge na madera machache, na mpita njia hawezi kujua kwamba biashara yenye maana iko nyuma ya pazia, ndani ya mabegi ya shangazi kaja yaliyopangwa juu ya mbao ili yasiguse sakafu. Kila doti imefungwa kwenye karatasi ya kaki, na juu ya karatasi hiyo pameandikwa kwa kalamu jina la khanga, rangi zake na mwaka ambao mzee mwenye duka aliipata. Mteja haruhusiwi kufungua begi. Baada ya shikamoo na marahaba, mzee huuliza swali moja tu: "Unatafuta jina, mwanangu, au unatafuta mji?" Jibu lako ndilo linaloamua kama utakaa hapo dakika tano au utakaa mchana kutwa.

Swali hilo si la kumzungusha mteja. Jina ni maneno yaliyochapwa kwenye khanga, na mji ni mchoro wake wa katikati. Majina hurudi. Jina kama "Sisi sote abiria dereva ni Mungu" limechapwa na kuchapwa tena juu ya miji ya kila aina, ya maua, ya korosho, ya mikufu, kiasi kwamba anayelitafuta jina hilo peke yake hawezi kulikosa. Mji ni habari nyingine. Mfanyabiashara huagiza kiwandani, hapa nchini, India au China, idadi fulani ya majora ya mchoro mmoja, na yakiisha huagiza mchoro mwingine, kwa kuwa wanunuzi wa khanga hupenda kilichotoka sasa hivi na mwenye mzigo wa msimu uliopita hulala nao. Mzigo ukifika Mtaa wa Uhuru huuzwa kwa korija, ishirini ishirini, kwa wafanyabiashara wa mikoani na wa Komoro, na baada ya wiki chache khanga uliyoiona Kariakoo huenda imekwisha kusambaa kuanzia Mtwara hadi Kigoma, imekatwa, imepindwa, imefuliwa na imebebea mtoto. Inayosalimika katika mzunguko huo ni kisutu, ambayo kwa weusi, wekundu na weupe wake ni ya harusi na haiachi kuchapwa. Sijapata kukutana na mtu anayejutia kisutu.

Wateja wa duka hili wana tabia moja: hueleza walichokikosa kabla ya kueleza wanachokitaka. Ukikaa kwenye kigoda kilicho karibu na pazia utawasikia, na wala hawajali kama unasikiliza. Mwalimu mmoja wa Mbagala, mama wa makamo, alisimulia mbele yangu jinsi alivyoiacha khanga yenye picha ya Barack Obama mwishoni mwa mwaka 2008, ile yenye maneno "Upendo na amani ametujalia Mungu", kwa sababu aliona aibu kujifunga sura ya mwanamume kiunoni. Obama alipokuja Dar es Salaam Julai 2013, vitambaa vingine vyenye sura yake vikatoka, naye akanunua bila kusita, lakini havikumtuliza hata kidogo. Anaitaka ile ya 2008, tena isiyokatwa, na kila anapoletewa moja imekwisha kupindwa au imepauka upande uliokuwa ukikaa juani. Mzee alimsikiliza hadi mwisho, akamwambia kwa upole kwamba khanga hiyo inatafutwa na watu wengine wanne waliomtangulia.

Kwa kuwasikiliza watu hao nimefikia maoni yangu kuhusu majuto haya, ambayo ni tofauti na yale ya mtu aliyekosa kiwanja cha bei nafuu Kigamboni. Kile ambacho mkusanyaji hakuwa na uwezo wa kukinunua hukisimulia bila uchungu, pengine kwa kicheko, kwa kuwa lawama anaitupia hali ya mfuko. Kinachomnyima raha ni kile alichokuwa na uwezo nacho, kikawa mkononi mwake, akakiacha kwa sababu ndogo isiyosimulika: mvua ilikuwa inataka kunyesha, daladala ilikuwa imejaa na abiria wa mwisho wanaitwa, au alikuwa amekwisha nunua doti moja na akaona ya pili ni anasa. Jambo hilo la doti ya pili huwaumiza hasa wakusanyaji wazoefu. Mvaaji hukata doti ili aivae, moja kiunoni na moja kichwani au mabegani, ilhali mkusanyaji huitaka ikiwa nzima, vipande viwili vikiwa bado vimeshikana kama vilivyotoka kwenye jora, kwa sababu mshikamano huo ndio ushahidi kwamba haijavaliwa wala kufuliwa. Wengi walinunua moja, wakaipenda mno, wakaikata. Miaka kumi baadaye wanakuja kwenye pazia la mzee kutafuta pacha wake.

Kundi jingine ni la wanaotafuta khanga za viwanda vya umma, na hapa ndipo mabegi ya duka hili yanapopungukiwa zaidi. Kiwanda cha Urafiki kilianza kazi pale Ubungo mwaka 1968 kwa msaada wa China, na Mwanza kukawa na Mwatex na Musoma kukawa na Mutex. Katika miaka ya mwanzo ya 1980 nguo zilikuwa adimu nchini, khanga ikapatikana kwa foleni na kwa kujuana, na aliyebahatika kuipata hakuwa na wazo la kuiweka sandukuni kwa ajili ya kuitazama. Aliivaa, ikachakaa, ikawa nepi, ikamalizikia kwenye deki. Mwaka 1984 Serikali ilipowaruhusu wenye fedha zao za kigeni kuingiza bidhaa, khanga za nje zikamiminika na zile za nyumbani zikaonekana za kizamani hata kwa watu waliokuwa wamezipigania kwenye foleni. Kwa hiyo khanga ya Urafiki ya miaka hiyo ikiwa haijakatwa ni kitu cha nadra kupita kiasi, na uadimu wake umetokana na shida ya wakati ule kuliko uzuri wa kitambaa. Kwa kweli, ukizitazama bila mapenzi, nyingi zina rangi hafifu na michoro ya haraka.

Siku moja kijana ambaye mama yake alifanya kazi katika kiwanda hicho alioneshwa doti ya aina hiyo kwa shilingi 80,000. Akaomba aende kuzungumza na dada yake kwanza. Aliporudi baada ya alasiri ilikuwa imeondoka.

"Ningeichukua tu, babu," alisema, akiwa amesimama katikati ya duka na simu mkononi.

"Nilikuuliza mara mbili, baba. Ukasema nisubiri, lakini hukusema niweke."

Maneno hayo yanaweza kuonekana makavu, lakini nadhani mzee alikuwa na haki, na alichokifanya baadaye ndicho kinacholitofautisha duka lake na mengine. Hakumwambia kijana kwamba mzigo mwingine uko njiani, wala hakumtolea doti nyingine inayokaribia kufanana nayo ili kumpoza. Alimwambia waziwazi kwamba anaweza kukaa miaka bila kuipata ya namna ile, kisha akalifungua daftari na kumwandika.

Daftari hilo ndilo sababu hasa ya kuliandikia duka hili tathmini. Ni kauntabuku kubwa ya jalada gumu, iliyochakaa pembeni, na kila anayetafuta khanga iliyopita huandikwa humo kwa tarehe: jina lake, namba ya simu, jina la khanga, mji wake, rangi ya pindo, kama anaitaka isiyokatwa au anakubali iliyokatwa, na bei ya juu kabisa ambayo yuko tayari kuitoa. Khanga inapopatikana, aliyeandikwa kwanza ndiye anayepigiwa simu kwanza, na ana nafasi hadi duka litakapofungwa kesho yake. Asipofika, simu inakwenda kwa anayemfuata. Mzee hukuambia wewe ni wa ngapi. Hakufuti hata ukipita mwaka bila kuonekana, isipokuwa umeomba mwenyewe. Nimeushuhudia utaratibu huu ukifuatwa hata pale mteja tajiri aliposimama dukani na fedha taslimu akiitaka doti iliyokuwa imekwisha kupigiwa simu mwanamke wa Gongo la Mboto. Tajiri aliongeza bei, kisha akaongeza tena, na mzee akaendelea kuifunga karatasi yake kama asiyesikia. Katika biashara ya Kariakoo, ambako kwa kawaida mwenye fedha mkononi ndiye mwenye mali, hilo linastahili kuandikwa.

Khanga zenyewe huzipata kwa njia tatu au nne ambazo hazifichi. Nyingi hutoka kwenye masanduku ya marehemu, familia zinapogawana mirathi na hakuna anayetaka mali ya bibi iliyokunjwa miaka thelathini. Nyingine huletwa na wanawake wenye shida ya fedha, na chache hutoka kwa wenye maduka ya Lindi, Tunduru na kwingineko ambao mzigo wao ulilala na kusahaulika. Hizi za mwisho ndizo bora, kwa kuwa hazikuguswa. Mzee ana watu huko wanaompigia simu, na nauli ya mzigo huingizwa katika bei.

Kasoro ya daftari ni kwamba linategemea maneno matupu. Rangi ambayo mteja mmoja huiita damu ya mzee, mwingine huiita zambarau na wa tatu huiita nyekundu iliyoiva. Mji ambao mmoja anaukumbuka kuwa wa korosho, mwingine ataapa kwamba ulikuwa wa mabuyu. Kwa kuwa wengi wanaeleza kitu walichokiona mara moja tu, miaka mingi iliyopita, daftari limejaa khanga ambazo pengine hazikupata kuwepo kwa sura hiyo. Mjukuu wa mzee, anayeshinda dukani akicheza na simu, angeweza kuipiga picha kila doti inayoingia na kuwatumia walioandikwa, kazi ambayo haiwezi kumchukua nusu saa kwa siku. Nimelisema hilo dukani na nikajibiwa kwamba picha zikishatoka huibiwa na madalali. Jibu hilo lina ukweli ndani yake, lakini halitoshi.

Nami niliandikwa. Nilikuwa nikiitafuta khanga ya pamba yenye mji wa korosho kubwa nne, pindo jeusi na jina "Japo sipati tamaa sikati", ambalo ni jina la kufaa kabisa kwa watu wanaokaa kwenye kile kigoda. Nilipopigiwa simu na kufika, mzee alitandika mkeka safi, akaifungua karatasi ya kaki na kuikunjua doti taratibu, mkunjo mmoja baada ya mwingine, bila kuivuta. Wanga wa kiwandani ulikuwa bado umo, kitambaa kikalia kidogo kama karatasi. Ukingoni, kwenye ule ukanda mwembamba mweupe usioguswa na rangi, palisomeka maandishi madogo ya "Mali ya Abdulla", alama ya nyumba ya biashara ya Kaderdina Hajee Essak ya Mombasa, ambaye mara nyingi hutajwa kuwa ndiye aliyeieneza desturi ya kutia khanga jina. Nyekundu ya korosho ilikuwa imeuvuka mpaka wa nyeusi kwa upana wa uzi, upande mmoja tu. Kwenye mkunjo wa katikati rangi ilikuwa imeanza kufifia na kuacha mstari mweupe usioonekana mpaka uinamishe kitambaa kwenye mwanga.

Mzee mwenyewe ndiye aliyenionesha mstari huo. Kisha, bila kuombwa, akachomoa uzi mmoja kutoka ukingoni, akawasha kibiriti na kuuchoma. Uzi wa pamba huwaka na kubaki majivu laini yenye harufu ya karatasi iliyoungua, na wa poliesta hujikunja na kuacha punje ngumu nyeusi. Jaribio hilo dogo lina umuhimu mkubwa siku hizi, kwa kuwa michoro iliyopendwa zamani hunakiliwa na kuchapwa upya kwenye kitambaa chenye mchanganyiko wa poliesta, na mnunuzi aliyeingiwa na pupa ya kuipata khanga aliyoikosa hatazami kitambaa, hutazama mji. Uzi wangu uliacha majivu. Maandishi ya ukingoni nayo ni ya kutazamwa: kwenye nakala nyingi ama hayapo kabisa, ama yamechapwa kwa herufi zilizovimba na kuungana.

Hapa nitoe tahadhari ambayo naona ni muhimu kuliko habari ya poliesta. Khanga iliyokosekana huzidi kupendeza kila mwaka inaokaa kichwani mwa aliyeikosa. Nimeona zaidi ya mteja mmoja akifunguliwa doti aliyoitafuta kwa muda mrefu, mji uleule, jina lilelile, na uso ukamwanguka: wekundu si mwekundu kama alivyoukumbuka, maua ni madogo, kitambaa ni chepesi. Mama mmoja alishikilia kwamba hiyo si yenyewe, hadi mwanawe akatoa picha ya harusi ya mwaka 1996 ambamo shangazi mtu amejifunga khanga hiyohiyo. Akainunua, kwa kuona haya nadhani, lakini hakuonekana mwenye furaha. Duka halirudishi fedha wala halibadilishi mali iliyotoka, na katika biashara ya vitu vya namna hii siwezi kulilaumu. Linakuruhusu, hata hivyo, kuitoa doti nje ya pazia na kuitazama kwenye mwanga wa jua kwa muda wowote unaotaka kabla ya kulipa, na wengi hawaitumii ruhusa hiyo kwa sababu mikono yao imekwisha kutetemeka. Taa ya ndani ni ya manjano na huipendezesha kila nyekundu. Tokeni nje.

Sasa bei. Hakuna bei iliyoandikwa popote, na hilo ndilo doa kubwa la duka hili. Doti yangu ilianzia shilingi 60,000, na nina hakika ingeanzia chini ya hapo kama nisingekuwa nimetabasamu. Mzee huyu, pamoja na uaminifu wake wote katika foleni ya daftari, anajua kusoma uso, na anajua kwamba mtu aliyekwisha kuikosa khanga mara moja hatakubali kuikosa mara ya pili kwa ajili ya shilingi 15,000. Ile safu ya bei ya juu katika daftari, ambayo nilidhani imewekwa kumlinda mteja asiitwe bure, ndiyo pia inayomjulisha muuzaji mahali pa kuanzia. Aliyeandika 70,000 hawezi kushangaa akitajiwa 65,000. Nilipouliza "mwisho ngapi, babu?" tulishuka hadi 48,000, na kwa khanga ya pamba isiyokatwa, yenye alama ya mwenye chapa na yenye kasoro moja tu ya mkunjo, sioni kwamba nilionewa. Lakini nilimwona dada mmoja asiye na ujasiri wa kupatana akiilipa 90,000 kwa doti ambayo, kwa macho yangu, ilikuwa duni kuliko yangu. Ushauri wangu kwa anayeandikwa ni kutaja bei iliyo chini ya uwezo wake, kisha apatane siku ya kuitazama.

Jambo la pili linalohitaji kurekebishwa ni kianzio. Mteja akitaka kuwekewa doti hadi mwisho wa mwezi, duka linapokea kianzio cha theluthi ya bei, na malipo hayo huandikwa kwenye daftari lilelile bila stakabadhi. Sijasikia mtu aliyedhulumiwa. Hata hivyo mzee ana umri, daftari ni moja, na moto au maji ya mvua hayachagui. Mtu alipe kwa simu ili abaki na ujumbe wa muamala, na aombe kiasi hicho kiandikwe pia nyuma ya karatasi ya kaki inayofunga doti yake. Mzee hakatai akiombwa.

Mengine yote nayaona ni madogo. Mjukuu hana adabu ya wateja, kigoda ni kimoja, na kelele za mikokoteni hufanya mazungumzo yawe ya kupaaza sauti.

Wapo watakaouliza kama si rahisi zaidi kununua kwa wauzaji wa mtandaoni, ambao hutangaza khanga za zamani kwa picha nzuri na kuzipeleka hadi mlangoni. Kwa anayetaka khanga ya kuvaa, ni rahisi. Kwa mkusanyaji, picha haioneshi wanga, haioneshi ukingo, haichomi uzi, na biashara nzima imejengwa juu ya kumtisha mnunuzi: imebaki moja, watu watatu wameulizia, tuma fedha sasa. Maneno kama hayo hata Mtaa wa Uhuru yapo, ambako muuzaji atakuambia "ya mwisho hiyo, dada, mzigo umeisha" huku korija nzima ikiwa chini ya meza. Mtu aliyewahi kuikosa khanga moja huamini kila anayemwambia imebaki moja, na kwa njia hiyo hujikuta na sanduku lililojaa khanga ambazo hakuzitaka, alizozinunua kwa kuogopa kuzijutia. Wakusanyaji wawili ninaowafahamu wamekwisha kufikia hatua hiyo, na mmoja wao sasa anauza. Katika duka la uchochoroni sijapata kumsikia mzee akitamka neno "ya mwisho", ingawa karibu kila doti aliyonayo ni ya mwisho kweli. Husema tu ameipata wapi, ina kasoro gani, na nani anafuata katika daftari kama wewe hutaichukua.

Anayesafiri anaweza pia kujaribu Darajani, Unguja, au Biashara Street ya Mombasa, ambako ataisikia ikiitwa leso na atakuta wafanyabiashara wanaozifahamu chapa za zamani kuliko wengi wetu. Mali ya pwani ya kaskazini huwa nyingi zaidi huko, ilhali za viwanda vya Tanzania ni nadra. Kwa khanga za Urafiki na Mwatex, Dar es Salaam ndipo mahali, na katika Dar es Salaam silijui duka linalolishinda hili.

Ningelipa alama nane katika kumi. Mbili nimezipunguza kwa ajili ya bei zinazofuata uso wa mteja na kwa ajili ya stakabadhi. Anayekwenda achukue picha ya khanga anayoitafuta kama anayo, hata ikiwa ni ya harusi au ya msiba ambamo mtu ameivaa, na ajitahidi ioneshe pindo, kwa kuwa mzee hulitambua pindo haraka kuliko mji. Asubuhi ndio wakati mzuri, kabla jua halijapanda na uchochoro haujajaa mikokoteni. Ijumaa duka hufungwa kuanzia saa sita mchana hadi saa nane, na Jumapili halifunguliwi. Wiki ya mwisho kabla ya Idi ni bora kutokwenda kabisa, kwa kuwa siku hizo mzee huuza khanga mpya kwa jumla, pazia hushushwa, na daftari hukaa kwenye droo hadi sikukuu ipite.